Kadi Iliyobaki Mkononi

Kadi yenyewe ilikuwa ndogo, ukubwa wa kitambulisho, rangi ya bluu, imefunikwa plastiki. Kila kocha alipewa moja kabla ya pambano. Ukiona mchezaji wako amepiga na ubao wa pointi haukusoma, unainua kadi, mwamuzi anasimamisha mchezo, na watu wa meza ya video wanairudisha picha nyuma na kuangalia. Wakikukubalia, pointi inaandikwa na kadi unabaki nayo. Wakikukatalia, wanaichukua. Maelezo hayo tulipewa asubuhi kwenye kikao cha makocha, kwa Kiingereza cha haraka haraka, na niliyaelewa yote. Naliweka wazi hili mapema kwa sababu baadaye nilijaribu kujidanganya kwamba sikuelewa.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Mpanda, binti wa muuza vitenge wa Makanyagio. Taekwondo nilijifunzia Dar es Salaam nilipokuwa chuo cha ualimu, si kwa kuipenda, ila hosteli yetu ilitazamana na ukumbi wa mazoezi na jioni sikuwa na la kufanya. Niliporudi nyumbani na mkanda mweusi, marehemu baba aliushika, akauvuta huku na huku, akauliza kama unafaa kufungia marobota. Hakuwa anatania. Alikuwa mtu wa biashara na kitambaa kizuri alikijua kwa mkono.

Nilianza kufundisha wasichana kwenye ghala la mpunga la ndugu yake baba, nyuma ya soko. Msimu wa mavuno magunia yanaingia nasi tunatoka, tunafanyia mazoezi uani. Mikeka yetu ni viroba tulivyovishona pamoja na kuvijaza pumba. Kwa kupigia mateke tunatumia ndala kuukuu, mbili mbili, zimefungwa pamoja kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Mtu akizipiga sawasawa zinagongana na kutoa mlio mmoja mkavu, akizipiga vibaya zinanyamaza. Kwa miaka tisa hiyo ndiyo ilikuwa mashine yetu ya kuhesabu pointi.

Shida haikuwa vifaa. Shida ilikuwa wazazi. Mama mmoja alinijia akiwa ameshika kiuno: "Mwalimu, nyie mnataka mtoto wa kike arushe mguu mpaka kichwani kwa mtu? Mbele za watu?" Nikamjibu kwamba kabla ya kuurusha huo mguu anainama kwanza, na akimaliza anainama tena. Nikamwonyesha. Yule mama alitulia. Kuanzia hapo nikajua mlango wa kupitia. Sikuwauzia wazazi mchezo wala afya, niliwauzia heshima, na waliinunua kwa wingi. Watoto walianza kusalimia vizuri majumbani, sifa zikaenea, wakaja wengine.

Kulinda sifa hiyo niliweka sheria. Ndani ya ghala langu mwamuzi habishiwi, mwalimu habishiwi, na mtu akitamka neno "lakini" anapiga pushapu ishirini. Wasichana walilizoea jambo hili hadi ikawa mchezo wa kutegana. Mimi niliona nimejenga kitu kizuri, na nilijisifu.

Huyu ninayetaka kumwelezea alitokea Ilembo. Kwao ni Wasukuma wa ng'ombe, walihamia Katavi yeye akiwa bado mgongoni. Alikuwa akileta maziwa Makanyagio kwa baiskeli, madumu mawili nyuma, na akimaliza kuuza anasimama mlangoni pa ghala kututazama. Alisimama hivyo karibu wiki nzima. Mimi sina subira na watu wa mlangoni. Nikamwambia, "Ama uingie ama uende, unatuzibia mwanga." Akaingia. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, hana nyama, na mguu wake wa kushoto uliondoka chini bila kutoa habari. Watu wengi kabla ya kupiga teke la kichwani wanayumbisha bega au kunyanyua kisigino, mpinzani anajiandaa. Yeye alisimama tu, kisha ndala zikalia. Nilizishika kwa urefu wa kichwa changu nikiwa nimejinyoosha, na zililia. Sikumwambia kitu siku hiyo, maana ukimsifu mtu mapema anaharibika.

Nilipoona anafaa mashindano nilipanda bodaboda hadi kwao kuomba ruhusa. Mama yake alipiga magoti kunisalimia ingawa kwa umri mimi ni mdogo wake, nikaona haya. Baba yake alinipa kigoda, yeye akabaki amesimama na fimbo yake nyuma ya shingo, mikono ameitundika juu yake.

"Nimesikia huko mnapigana," alisema.

"Tunashindana, baba. Na kabla hawajaanza wanainama."

"Wanainama?"

Nikasimama, nikamwinamia. Aligeuka kumwangalia mkewe, akanirudia.

"Kama wanainama, haya. Ila mwalimu, nikwambie jambo moja. Huyu ana mdomo tangu mdogo. Asije akanirudia hapa anabishana na watu wazima. Mdomo umtoe, mguu uchukue."

Niliahidi, na niliitimiza ahadi ile kuliko ahadi nyingine yoyote niliyowahi kutoa. Mdomo ulichukua kama miezi minne. Miezi hiyo alipiga pushapu nyingi kuliko wenzake wote. Alikuwa anauliza kila kitu: kwa nini pointi hii, kwa nini si ile, lakini mwalimu mimi nimemgusa. Mwezi wa tano alikuwa anajibu "sawa, mwalimu," na mikono yake imenenepa.

Miaka minne baadaye aliitwa kwenye kikosi kidogo cha kwenda Kigali, mashindano ya wazi yenye wanawake kutoka nchi nyingi. Viongozi walituambia kabla ya safari, na walirudia mara mbili: atakayerudi na medali hapimwi tena, jina lake linaingia timu ya taifa moja kwa moja. Asiyepata atarudi kwenye mchujo na wengine wote. Mchujo wetu unajulikana, wasichana wa Dar wanafika na kinga zenye vihisi, vile vidude vinavyosoma pigo vyenyewe, wanazozifanyia mazoezi kila siku, sisi tunafika na mazoea ya ndala. Kwa mtu wa Mpanda, njia fupi ilikuwa hiyo ya medali, na pengine ndiyo ilikuwa njia pekee.

Tulikwenda kwa basi hadi Tabora, tukaungana na kocha wa huko na mchezaji wake, tukaenda Kahama, tukavuka Rusumo. Kocha wa Tabora ni mtu wa maneno mengi, kila kituo ana hadithi, na kila anachokiona anakipiga picha kwa simu. Msichana wangu alilala njia nzima. Nilimwamsha mpakani agongewe muhuri kwenye pasipoti, akautazama muhuri, akalala tena.

Mapambano mawili ya kwanza alishinda. Sina la kusimulia hapo. Alivaa soksi zenye vihisi kwa mara ya tatu tu maishani, akalalamika zinambana vidole, akaingia na kuwapiga wote wawili. La tatu ndilo lililokuwa la medali, kwa kuwa aliyeshinda angeingia nusu fainali na pale hata ukishindwa unarudi na shaba.

Mpinzani wake alikuwa mfupi, mnene wa mapaja, mzoefu. Kocha wa mpinzani alikuwa dada wa kama miaka ishirini na mitano, sijawahi kuona mtu wa namna ile. Kila dakika ameinuka kitini, anapiga sakafu kwa kiganja, anamkaripia mwamuzi. Mara mbili aliinua kadi yake. Ya kwanza alikubaliwa, akapiga ngumi hewani. Ya pili alikataliwa, wakamchukulia kadi, akabishia hata kukataliwa kwenyewe. Na mwamuzi wa kati alikuwa mzee. Mvi kichwa kizima, miwani, mikono inayotembea taratibu. Nilijiambia, huyu binti hakufunzwa na mamaye. Nilikaa kwenye kiti changu wima, magoti pamoja, kadi nimeibana kati ya viganja, nikajiona mstaarabu.

Raundi ya kwanza tulichukua sisi, ya pili wao. Ya tatu ilibaki na sekunde saba na tuko nyuma, nane kwa sita. Teke la kichwani ni pointi tatu. Nilijua atalipiga, naye alijua najua. Yule mfupi aliingia kumkumbatia ili muda uishe, na hapo katikati, bila bega kuyumba, mguu wa kushoto uliondoka. Uliingia upande wa kulia wa kofia ya kinga. Niliiona kofia ikihama, ikasogea ule upana wa kidole, na ule mkanda wa kidevuni ukavutika. Ubao wa pointi ukabaki vilevile. Kihisi hakikusoma. Vihisi vya kofia vina tabia hiyo, mguso wa kufagia vinausoma leo na kesho havisomi, na kadi iliwekwa kwa ajili hiyo hasa.

Yeye alinigeukia. Alifanya kile ambacho wachezaji wote hufanya, alichora mraba hewani kwa vidole viwili, yaani video. Alichora mdogo, kifuani, kama anaona aibu.

Mwamuzi alikuwa amewatenganisha na amesimama mbele yangu, hatua nne. Nilimwona uso. Alikuwa amechoka. Yule kocha binti alikuwa ameshamsumbua pambano zima. Nikafikiria kusimama mbele ya ukumbi mzima na kumwambia mzee wa watu, kwa Kiingereza changu, kwamba hakuona vizuri. Nikafikiria kwamba pengine mimi ndiye sikuona vizuri. Hayo yote yalichukua muda mfupi sana. Mwamuzi alisema endeleeni, sekunde zikaisha, mkono wa mshindi ukainuliwa, na haukuwa wetu. Msichana wangu aliinama kwa mpinzani, akaja kumwinamia kocha wa mpinzani, vizuri kabisa, kiuno sawa, macho chini.

Kadi niliirudisha mezani. Yule aliyeipokea alisema asante.

Kwenye korido, akiwa anavua soksi, aliniuliza bila kuinua uso. "Mwalimu, lile la mwisho uliliona?"

Hapa ndipo nilipofanya kosa lenyewe. La kwenye kiti ninaweza kulitetea mbele ya watu wa kwetu, wengi wangenielewa, hata baba yake. La koridoni sina utetezi. Ningeweza kusema nililiona nikaogopa. Ningeweza kusema sikuliona, huo nao ni uongo lakini ni uongo unaonilalia mimi. Badala yake nilisema, "Halikufika. Lilipita mbele ya kofia. Ulikuwa mbali kidogo."

Nilisubiri abishe. Kweli kabisa, nilisimama pale nikisubiri abishe, na kama angebisha ningekiri.

"Sawa, mwalimu," alisema, akazikunja soksi.

Tulirudi Mpanda. Watu walitupokea vizuri, mshindi wa mapambano mawili nje ya nchi si jambo dogo kwetu. Baba yake alichinja mbuzi, akanishukuru mbele ya majirani kwamba binti ameenda nchi za watu na amerudi na adabu yake. Nilikula ile nyama. Ilikuwa nzuri na nilikula vizuri, siwezi kusema ilinikaa kooni.

Mazoezi yalianza wiki iliyofuata, na siku ya tatu nikaona. Alikuwa anapiga ndala, zinalia kama kawaida, ila kabla ya mguu kuondoka kulikuwa na kitu. Nikamwambia rudia. Akarudia. Alikuwa anasogea. Nusu hatua tu, mguu wa kulia unateleza mbele kidogo, kisha wa kushoto unanyanyuka.

"Unafanya nini hapo?" nilimuuliza.

"Nakaribia, mwalimu. Ulisema nilikuwa mbali."

Ningeweza kumwambia siku hiyo. Tulikuwa peke yetu, wengine walikuwa nje wanakunywa maji. Nilimwambia aangalie asimkaribie mpinzani sana. Akasema sawa.

Ni mtu wa bidii, na bidii yake ndiyo iliyotumaliza. Mwingine angejaribu wiki mbili akaacha. Yeye alikuja alfajiri kabla ya maziwa, akachora mstari wa chaki sakafuni, akafanya nusu hatua ile mara mia, kesho mara mia. Kufikia mwezi wa sita tangu turudi mwili wake ulikuwa umeshaisomea. Teke ambalo halikuwa na habari sasa lilikuwa na habari, bega la kulia lilishuka kila mara kabla ya hatua, na wasichana wadogo niliokuwa nawapanga naye walianza kuliona na kuinua mikono kulizuia. Mmoja wao, darasa la saba, alilizuia mara tatu kwa siku moja akacheka kwa furaha. Yeye akacheka pamoja naye. Kisha akaenda kuuchora tena mstari wake, akausogeza mbele zaidi, kwa sababu aliamini bado yuko mbali.

Mimi nilikuwa nikishika ndala. Kila nilipozishika niliona ile kofia ikihama upana wa kidole. Nilikuwa mkali kipindi kile, wanafunzi wa shule walinikoma, niliwagombeza hata walimu wenzangu kwa mambo ya chaki. Nilijua sababu. Mtu ukiwa na hasira na nafsi yako, unaigawa kwa jirani.

Mchujo wa timu ya taifa ulikuwa umebakiza wiki saba nilipopata ujumbe wa kocha wa Tabora. Alikuwa amebadilisha simu, katika kuhamisha picha zake akakuta video ya pambano letu aliyoirekodi akiwa jukwaani nyuma yetu, upande. Aliandika, "Dada hebu tazama sekunde za mwisho," na baada ya hapo hakuandika kingine, jambo ambalo kwake ni gumu.

Niliitazama dukani kwa marehemu baba, siku hizi kaka yangu ndiye anauza. Nilijibanza nyuma ya marobota. Teke lilionekana, kofia ilionekana, hata mkanda wa kidevuni. Na kwenye kona ya picha, chini kushoto, nilikuwepo mimi. Hilo sikulitegemea. Mwanamke kwenye kiti, magoti pamoja. Teke linapoingia, uso wa yule mwanamke unalifuata, na mkono wake wa kulia unainuka, na ndani ya mkono kuna kadi ya bluu. Unafika usawa wa bega. Unasimama. Halafu unashuka, taratibu, unarudi mapajani, na mkono wa kushoto unaufunika.

Sikukumbuka kuinua mkono. Hadi leo sikumbuki. Kwenye kumbukumbu yangu viganja vilikuwa vimebana kadi muda wote.

Nilikaa na video ile siku kumi na moja. Nilimpigia kocha wa Tabora nikamwambia ni kweli, niliona. Hakunilaumu, alisema tu, "Dada, heshima si utumwa. Wewe unajua zaidi." Nikamwambia ningependa asiionyeshe kwa mtu. Akasema haonyeshi, lakini akaniuliza swali moja: "Yeye unamwambia lini?" Nikakasirika, nikakata simu. Kisha nikampigia tena kuomba radhi.

Msichana wangu nilimwambia Jumamosi moja baada ya mazoezi, wengine walipoondoka. Tulikaa kwenye viroba. Sikuwa na hotuba, nilimpa simu tu, nikamwambia atazame, ni la Kigali. Alitazama mara ya kwanza hadi mwisho. Alirudisha nyuma, akatazama tena, akasimamisha pale kofia inapohama.

"Kumbe lilifika," alisema.

"Lilifika."

"Sikuwa mbali."

"Hukuwa mbali."

Nilimwona akipiga hesabu, si ya pointi. Alikuwa anahesabu alfajiri. Akautazama mstari wa chaki sakafuni, ulikuwa pale, mweupe, umefutwafutwa na nyayo. Kisha akarudisha video mara ya tatu, na mara hii hakuangalia mguu wake. Alisogeza picha kwa vidole viwili, akaikuza ile kona ya chini. Niliona anachokikuza. Sikumzuia.

"Uliinua," alisema.

"Ndiyo."

"Ukashusha."

"Ndiyo. Nilimwona mwamuzi ni mtu mzima. Niliona aibu. Halafu ukaniuliza, nikakudanganya, nikasema halikufika. Naomba unisamehe."

Alinirudishia simu kwa mikono miwili. Hakulia wala hakupandisha sauti. Nilijua kutoka miaka ya nyuma jinsi uso wake unavyokuwa maneno yakimjaa mdomoni, nikaomba yatoke. Nilitaka anitukane, nasema kweli. Lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeyafundisha yasitoke, na yalitii.

"Nimekusamehe, mwalimu," alisema. Akanyanyuka, akachukua tambara, akaufuta mstari.

Tulijaribu kulirudisha teke. Wiki nne, asubuhi na jioni. Nilimwambia asimame tu, asisogee, apige kama alivyokuwa akipiga zamani. Alisimama. Bega lilishuka, mguu wa kulia uliteleza, ndiyo wa kushoto ukaondoka. Nilimfunga mguu wa kulia kwa kamba kwenye nguzo usiteleze, akapoteza mizani. Siku moja lilitoka, moja tu, ndala zililia kabla sijaona kitu, tukatazamana, nikapiga kelele. Lililofuata lilikuwa na hatua yake kama kawaida. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema, na mimi huwa siupendi msemo huo kwa sababu watu wavivu wanautumia. Tuliyazoa wiki nne.

Siku tatu kabla ya kusafiri kwenda Dar es Salaam alikuja nyumbani kwangu. Hakuja ghalani. Alivaa kitenge, kajifunga vizuri, na alipofika sebuleni alipiga goti kunisalimia, jambo ambalo tangu tujuane nilikuwa nimemkataza.

"Mwalimu, nina ombi. Usinichukulie vibaya."

"Sema."

"Kwenye kiti. Naomba akae kocha wa Tabora. Nimeshaongea naye, amesema mpaka wewe ukubali."

Nilimwangalia. Nilikuwa na maneno, si kwamba sikuwa nayo. Miaka karibu mitano, viroba, ile bodaboda ya Ilembo. Nilikuwa na haki ya kuuliza kwa nini, nikijua jibu. Yeye alikuwa ameinamisha macho, sauti yake ya upole, kila neno mahali pake. Ombi lenyewe lilikuwa ni kubisha, la kwanza tangu mwezi ule wa nne, na alikuwa amelivalisha nguo zote nilizomshonea.

"Sawa," nilisema.

"Asante, mwalimu."

Alikunywa chai, tukaongea habari za mvua na ng'ombe wa baba yake, akaondoka. Mimi sikusafiri. Siku ya mchujo nilikuwa ghalani na watoto, nikawashikia ndala, simu nimeiweka juu ya gunia ambapo ninaiona. Mchana kocha wa Tabora aliandika kwamba msichana amepita, wa mwisho kwenye orodha lakini amepita, jina limeingia. Ameshinda kwa mateke ya kifuani na ngumi. La kichwani hakulipiga hata mara moja. Akaongeza kuwa yeye aliinua kadi mara mbili na mara zote mbili walimkubalia.

Niliwaambia watoto, wakashangilia, wakaruka juu ya viroba mpaka pumba zikamwagika. Nikamwandikia msichana wangu hongera. Nilifuta, nikaandika nyingine, nikairudia ile ya kwanza na kuituma.

Jibu lake lilikuja kabla ya Alasiri. "Asante sana mwalimu wangu. Shikamoo."

Nikamjibu marahaba.